Mkunga Asiyetulia na Lenzi Tatu

Pale kwenye kona, barabara ya kwenda hospitali inapopinda, ubavuni mwa kibanda cha fundi saa, lipo benchi lililong'olewa zamani kwenye gari bovu. Juu yake kuna bati linalovuja upande mmoja tu, na aliyechelewa kufika ndiye anayekaa upande huo. Mama Birika huweka jiko lake la mkaa hapo alasiri, na mambo ya mtaa huletwa hapo kuchambuliwa kama mchele, mawe yakawekwa pembeni na mengine yakatafunwa. Wa kudumu si wengi. Yupo Robo Saa, fundi saa mwenyewe, aliyepata jina hilo kwa sababu kila ukimpelekea saa hukwambia "robo saa tu", na wapo watu wanaoingoja hiyo robo saa tangu watoto wao hawajaota meno. Yupo Bi Mkasi, mshonaji, ambaye cherehani yake iko karibu kabisa na benchi ili asipitwe na neno. Yupo Jaji, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, akaondoka na miwani na mazoea ya kuhukumu. Na yupo Tulia Hapo, mpiga picha, mwanaume mpole mwenye mke mkali, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndilo neno analomwambia kila mtu kabla ya kubonyeza: kidevu juu kidogo, tulia hapo, tulia hapo hapo. Siku hiyo alikuja yeye mwenyewe hajatulia.

— Mama Birika, nipe chungu kabisa, alisema kabla hata ya kukaa. Leo sukari isinisogelee.

— Umegombana na mkeo tena? aliuliza Bi Mkasi bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akilipiga.

— Afadhali ingekuwa mke. Mke nimemzoea.

Akatoa simu, akaifuta kioo kwa shati, akamkabidhi Jaji. Jaji akavaa miwani, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Ilikuwa picha ya ubao wa matangazo wa hospitali. Juu kulikuwa na maandishi makubwa: TUNAMUAGA MKUNGA WETU MPENDWA. Chini ya maandishi, uso wa mwanamke mnene anayecheka, meno yote nje.

— Huyu ni nani?

— Soma juu, mzee.

— Nimesoma juu. Nauliza huyu ni nani.

Bi Mkasi akainuka, uzi ukimning'inia mdomoni, akachungulia juu ya bega la Jaji.

— Huyu si yule mama wa stoo? Anayegawa glovu na sabuni? Gauni lake nililo nalo hapa, hajaja hata kulijaribu.

— Ndiye huyo huyo, alisema Tulia Hapo.

— Kwani na yeye anastaafu?

— Hastaafu. Anayestaafu ni Mkunga. Picha ndiyo ya mama wa stoo.

Bi Mkasi akautoa uzi mdomoni. Mkunga alikuwa si mtu wa kuchezewa pale mtaani. Nusu ya watu wanaopita kwenye ile kona waliingia duniani wakiwa mikononi mwake, na baadhi yao sasa wana ndevu na madeni. Mke wa Robo Saa alijifungulia kwake mapacha. Bi Mkasi alimpelekea mimba nne, akarudi na watoto wanne wazima, na huyo wa nne alikuja miguu kwanza. Jaji mtoto wake wa pekee alizaliwa hapo, na alipozaliwa hakulia, na kila mtu anajua Mkunga alimfanyia kitu gani usiku ule ingawa hakuna aliyekiona.

— Imekuwaje sasa? aliuliza Mama Birika, akimwaga kahawa kwenye kikombe cha Tulia Hapo mpaka ikafurika kisahani.

— Imekuwa hivi. Ile picha niliipiga mimi, mwisho wa mwaka, kwenye kikao chao cha kupongezana. Walisimama wawili, Mkunga na huyu wa stoo. Huyu wa stoo alitulia. Mkunga sijui aliitwa, sijui alisikia mtoto, akageuka. Mwanga ulikuwa hafifu, kamera ikachelewa kufumba, nikapata huyu mmoja ametulia kama sanamu na mwenzake ukungu mtupu. Gauni jeupe na kitu kama upepo.

— Kwa hiyo ofisi wakakata?

— Wakamkata Mkunga, wakambakisha mwenzake. Nimekwenda leo kwa katibu muhtasi. Anakula karanga. Nikamwambia, mama, huyu siye. Akaniambia, najua siye, lakini huyo mwingine ni moshi, na sisi hatuwezi kutundika moshi.

— Amesema moshi? aliuliza Jaji.

— Moshi. Huku anatafuna.

— Hiyo ni dharau ya daraja la kwanza, alisema Jaji, akaivua miwani kama mtu anayejiandaa kusoma hukumu. Mtu amepokea roho za watu maisha yake yote, anaitwa moshi na mtu mwenye karanga mdomoni.

Tulia Hapo hakuwa amemaliza. Hafla ya kumuaga Mkunga ilikuwa kesho yake jioni. Mwenyewe alikataa ukumbi, alikataa hoteli, alisema atamaliza zamu yake ya mwisho kama zamu nyingine na anayetaka kumuaga amfuate. Basi wakakubaliana iwe kwenye chumba cha kusubiri cha wodi ya wazazi. Fleshi marufuku, kwa sababu ukuta wa pili wamelala watoto wachanga na mlango ni wa kioo. Alfajiri yake Mkunga anapanda basi kwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na hasemi atarudi lini. Na kule kwenye korido ya hospitali, ambako hutundikwa sura za waliostaafu, ilishatengwa nafasi yenye msumari tayari. Ikipatikana picha nzuri ya Mkunga hiyo kesho, itatundikwa. Isipopatikana, atatundikwa mama wa stoo, na maandishi yatakuwa ya Mkunga, na itakuwa hivyo mpaka jengo lianguke.

— Si umfuate nyumbani kesho mchana, alisema Mama Birika. Umweke dirishani, kuna jua, umalize kazi.

— Nilikwenda jana. Yuko zamu ya usiku wiki nzima, mchana amelala. Mdogo wake alinifungulia mlango nusu, akaniambia kwa kunong'ona, ukimwamsha utaniamshia na mimi ugomvi. Nikampigia jioni. Akanijibu, mwanangu, njoo kesho kazini, nitakuwepo. Akakata. Nyuma yake nilisikia mtu anapiga kelele za uchungu.

— Kwa hiyo ni kesho au basi.

— Ni kesho au basi. Na kwa lenzi niliyonayo, ni moshi tena. Hii iliyokuja na kamera ukiivuta tu inajifinya, mwanga hauingii. Inabidi kamera ifumbue jicho muda mrefu, na Mkunga si mtu wa kungoja jicho lifumbe.

Ndipo yakaja mambo ya lenzi. Kwenye duka la vifaa vya mtumba, nyuma ya soko, mwenye duka alikuwa na lenzi tatu zinazoingia kwenye kamera ya Tulia Hapo, na zote alikuwa amezishusha bei mpaka zikafikika, ila zikafikika moja moja. Hela ilikuwa ya lenzi moja. Duka linafungwa magharibi. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka nyuma ya paa la kinyozi.

— Zitaje, alisema Jaji.

— Ya kwanza ni hamsini. Fupi, nyepesi, ya plastiki plastiki, ukiishika unaona kama mwanasesere. Lakini tundu lake linafunguka vizuri, inakunywa mwanga. Ya pili ni themanini na tano. Hiyo ndiyo ya sura hasa. Ukimpiga mtu nayo, uso unakaa kama umechongwa, na nyuma yake kote kunayeyuka. Na yenyewe inafunguka vizuri. Ya tatu ni ya kuvuta, nene hivi, ya watu wakubwa, haijifinyi hata ukiivuta. Hiyo isingeshikika bei yake, ila ina kuvu ndani ya kioo.

— Kuvu kama ya mkate? aliuliza Bi Mkasi.

— Kama ya mkate. Utando mweupe.

Robo Saa, ambaye muda wote huo alikuwa ameinamia saa ya mtu, akakitoa kile kioo chake cha jichoni na kukiweka chini kwa heshima.

— Niletee hiyo ya tatu. Naifungua, nafuta, narudisha. Robo saa tu.

— Hapana, walisema wote watatu kwa pamoja, na hata Mama Birika akatikisa kichwa.

— Mimi ndiye mtu wa vioo hapa, alisema Robo Saa, amechukia. Ninyi mnaongea tu. Haya, hamtaki, sawa. Chukua hiyo ndefu. Mambo ya lenzi ni urefu. Lenzi ndefu inakwenda kumchukua mtu aliko. Mkunga anakimbia? Na lenzi inakimbia. Akienda mlangoni, inamfuata mlangoni. Akiingia ndani, inamfuata ndani.

— Imekuwa mbwa sasa, alisema Bi Mkasi.

— Wewe shona.

— Nashona na nasikia. Nina swali kwa huyu Tulia Hapo. Umesema hiyo ya themanini na ngapi sijui, nyuma ya mtu kunayeyuka.

— Ndiyo, dada. Kunakuwa laini. Ndiyo raha yake.

— Kunakuwa ukungu.

— Tuseme ukungu, lakini ukungu mzuri.

Bi Mkasi akaacha cherehani kabisa, akageuka na kiti chake.

— Hebu nisikilizeni, jamani. Mwanamke ameitwa moshi kwa sababu ya ukungu. Tumekasirika hapa, kahawa hazinyweki, kwa sababu ya ukungu. Sasa huyu ndugu yetu anatoa hela yake halali mfukoni kwenda kununua ukungu mwingine. Eti mzuri. Wewe ukimwambia mteja wangu kwamba gauni limepasuka lakini limepasuka vizuri, atanilipa?

— Dada, ni nyuma tu kunakokuwa hivyo. Usoni kunakaa wazi.

— Leo nyuma. Kesho umeshika vibaya, mkono umetetemeka, ukungu umehamia mbele. Huo ukungu nani ameufunga kamba?

Tulia Hapo akanywa funda la kahawa chungu. Ukweli ni kwamba lilishamtokea. Kwenye harusi moja alipata hereni ya bi harusi safi kabisa, unaweza kuhesabu vijiwe vyake, na bi harusi mwenyewe nyuma ya hereni akawa kama anatokea ndotoni. Familia ile haijamsalimia tena mpaka leo, wakikutana naye hupita upande wa pili wa barabara.

Jaji akakohoa. Akikohoa hivyo watu hushusha vikombe.

— Mnabishana juu ya vioo. Mimi nataka kuuliza juu ya giza. Kwa nini pale pana giza? Ofisi ya mganga mkuu ina taa ngapi? Nimeingia mle kupeleka barua, macho yaliniuma. Stoo ina taa. Hata choo cha wageni rasmi kina taa inayowaka yenyewe ukiingia. Lakini wodi ya wazazi, pale penye kazi ya kuleta watu duniani, kuna balbu moja ya njano na inapepesa.

— Hilo kweli, alisema Mama Birika.

— Sasa ukienda kwenye korido ile ya picha, zitazame vizuri. Wakubwa wote wamepigwa mchana, dirishani, unaona mpaka vinyweleo vya pua. Wa zamu za usiku wote wamepigwa usiku. Weusi juu ya weusi. Unaona kola na kalamu mfukoni, kichwa ukisie. Hiyo si bahati mbaya. Imekaa kikao, imepitishwa.

— Kikao cha kuzima taa? aliuliza Robo Saa.

— Cha kupanga nani aonekane. Wanajua mtu asiyeonekana hawezi kukumbukwa, na asiyekumbukwa hana wa kumuulizia. Mkiona wamemtundika mama wa stoo, msifikiri wamekosea. Watu wale wana kompyuta.

— Na watoto wachanga nao wamo kwenye njama? alisema Mama Birika. Maana wao ndio wamezuia fleshi.

— Wametumiwa, alisema Jaji kwa uzito, na hakuna aliyecheka ila Robo Saa, naye aligeuzia kicheko chake ndani ya saa.

Mama Birika akapepea mkaa.

— Mimi sijui kikao. Ninachosema, apige fleshi. Watoto watalia, wacha walie, kwani wana kazi gani nyingine?

— Mkunga atanitoa nje kwa sikio, alisema Tulia Hapo. Alishanitoa mara moja.

Jua likashuka kidogo tena. Tulia Hapo akaitazama barabara ya sokoni, akaitazama kahawa yake. Moyoni alikuwa anaitaka themanini na tano. Aliishika mchana ule dukani, akaifunga kwenye kamera, akamlenga mwenye duka, mtu mwenye uso kama gunia la viazi, na mle ndani ya kamera akamwona amekuwa mtu wa maana, mtu wa kuwekwa kwenye noti. Alitamani kumwona Mkunga hivyo. Tatizo moja tu, na akaona alitoe mbele ya watu.

— Themanini na tano inataka nafasi, alisema. Kwa kamera yangu hii, nikitaka mtu kuanzia kiunoni mpaka kichwani, lazima nirudi nyuma sana. Sasa chumba kile kikoje ndani, maana mimi niliishia mlangoni? Kinatosha?

— Kinatosha na kubaki, alisema Jaji. Ni ukumbi ule. Unaweza kuegesha malori.

— Malori gani, alisema Bi Mkasi. Kile ni kichumba. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na niliinyoosha kweli maana nilikuwa nakata roho.

— Kirefu, alisema Robo Saa. Chembamba na kirefu. Mwisho wake kuna saa ya ukutani iliyosimama. Niliitengeneza usiku ule mapacha wanakuja, sikuwa na kazi nyingine. Nilipanda juu ya kiti.

— Saa ile imesimama tena, alisema Mama Birika.

— Mimi sizungumzii sasa hivi.

— Wewe Jaji uliona ukumbi kwa sababu ulingoja usiku kucha peke yako, alisema Bi Mkasi. Mtu akikaa na hofu hata kabati linakuwa uwanja.

— Na wewe uliona kichumba kwa sababu ulikuwa na tumbo.

Ikabidi wapime. Bi Mkasi alikuwa na bomba la boksi lililobaki kwenye jora la kitambaa, akalikata vipande viwili kwa ule mkasi wake mkubwa, kirefu na kifupi, kirefu kikawa themanini na tano na kifupi kikawa hamsini. Jaji akakalishwa kwenye benchi peke yake awe Mkunga. Akakataa kuvua kofia, akaambiwa Mkunga naye ana kofia, akakubali. Bi Mkasi akatoa futi yake ya shingoni. Tulia Hapo akaweka bomba refu jichoni, akaanza kurudi nyuma.

— Unaona nini? aliuliza Robo Saa.

— Pua.

— Rudi.

— Pua na miwani.

— Rudi, rudi.

Akarudi. Akalipita jiko la Mama Birika, akalipita shimo la maji machafu, mkokoteni wa matofali ukampigia kelele, akasubiri ukapita, akarudi tena. Alipofika kwenye mlango wa kinyozi ndipo akampata Jaji kuanzia tumboni, na ndipo kisigino chake kikaingia kwenye ndoo ya kinyozi ya maji ya kufutia kioo.

— Hapo umetoka hospitali, alisema Bi Mkasi, akiivuta futi. Hapo uko mochwari.

— Akimpiga kutoka huko atapata picha ya migongo ya wageni, alisema Mama Birika. Na keki ya kumuagia.

— Jaribu fupi, alisema Robo Saa, ingawa kwa shingo upande.

Kwa bomba fupi Tulia Hapo alisimama karibu na jiko tu, akampata Jaji. Alimpata mzima, kofia na vifungo. Lakini alikuwa karibu mno. Aliona kovu dogo la Jaji chini ya mdomo ambalo hakuwahi kuliona, na Jaji akaanza kuhangaika, akajikuna sikio, akauliza mikono aiweke wapi.

— Karibu hivi watu hawapendi, alisema Tulia Hapo, akilishusha bomba. Mimi huwa nasimama mlangoni. Nikiwa mlangoni watu wananisahau, wanakuwa wa kawaida. Nikisogea hivi wanakauka.

— Basi nunua ya kuvu, alisema Robo Saa. Unasimama mlangoni, unavuta, na mimi nafuta.

Walikuwa bado wanabishana, Jaji akiwa bado Mkunga na bomba likiwa bado mkononi mwa Tulia Hapo, alipofika mwanamke mgeni aliyekumbatia fremu kubwa iliyoviringishwa gazeti. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele na penseli sikioni. Akasalimia, akaitikiwa nusu nusu.

— Naulizia mpiga picha. Mimi fundi fremu, nimehamia hapo nyuma ya kanisa juzi juzi. Nimepewa kazi na hospitali.

Hakuna aliyemwambia karibu. Bi Mkasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumrukia.

— Umepewa picha?

— Nimepewa. Wamesema ni ya mkunga anayestaafu, niitengeneze kabisa, na wakileta nyingine nibadilishe, wasipoleta basi. Nimeona ukingo wake umekatwa vibaya, kuna bega la mtu limebaki. Ndiyo nikasema nimfuate aliyepiga anipe nzima.

— Bega hilo, alisema Jaji, akisimama, ndilo la Mkunga. Uso ulio nao ni wa mama wa stoo.

— Ni kosa la ofisi, alisema Robo Saa.

— Si kosa, ni kikao, alisema Jaji.

Wakamwangukia maskini wa watu kama yeye ndiye aliyekula zile karanga. Bi Mkasi alimweleza habari ya mtoto aliyekuja miguu kwanza. Jaji alimweleza habari ya taa ya choo. Robo Saa alimwambia kwamba mtu mwenye utu asingeipigilia ile picha hata msumari mmoja. Mama Birika akasema aibu hiyo itawafuata mpaka kwenye watoto wa watoto, na kila mtoto wa mtaa huu atapita kwenye ile korido aonyeshwe mwanamke asiye wake, aambiwe huyo ndiye aliyekupokea. Fundi fremu alisimama katikati yao, amekumbatia fremu, akimgeukia huyu na yule kwa adabu. Waliposhusha pumzi, akaichukua penseli sikioni.

— Nimewaelewa. Siyo huyu. Basi nisaidieni nisije nikafanyiwa hivi tena, maana kesho watu wanaweza kuniletea bega jingine. Yeye mwenyewe yukoje usoni?

— Nani, Mkunga?

— Huyo huyo. Sura yake ikoje?

Bi Mkasi akacheka kwa dharau kidogo, akajiweka sawa kwenye kiti.

— Mkunga nani asiyemjua. Mkunga ni... Ni mama fulani hivi. Mikono yake ina joto. Anakwambia, usinikazie miguu, mimi si adui yako. Sauti yake hata usiku wa manane nikiisikia...

— Uso, alisema fundi fremu taratibu.

— Nilikuwa nimefumba macho, alisema Bi Mkasi.

— Mara zote nne? aliuliza Mama Birika.

Bi Mkasi akainama. Akaokota uzi uliokuwa umeanguka chini, akaanza kuuviringa kidoleni.

— Mweusi, alisema Robo Saa. Au maji ya kunde. Viatu vyeupe vya mpira, kimoja kimekatwa kisigino. Hivyo navikumbuka vizuri, nilikuwa nimeinama naokota skrubu ya saa.

— Mrefu kiasi, alisema Jaji. Alitoka kwenye ule mlango, akanipa mtoto. Kwenye shuka ya kijani. Akaniambia, mchukue, sasa analia. Akaketi. Watu wangapi wamemwona akiketi? Aliketi karibu nami kabisa, hivi, kama huyu Tulia Hapo alivyosimama sasa.

— Na ukamtazama? aliuliza fundi fremu.

Jaji akaivua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

— Nilikuwa namtazama mtoto, alisema.

Wote wakamgeukia Tulia Hapo. Yeye ndiye mwenye macho, yeye amempiga miaka yote, kila kikao, kila sherehe ya wauguzi. Tulia Hapo akachukua simu, akaanza kupekua kwa kidole gumba. Gauni jeupe mlangoni. Gauni jeupe limeinama. Mgongo. Nusu ya kofia. Kitu cheupe kinapita nyuma ya keki. Akarudi tena mwanzo, akapekua upya polepole, kama mtu aliyepoteza funguo na anafungua droo ile ile mara ya pili. Akajaribu kuiacha simu na kukumbuka kwa kichwa tu. Alichokumbuka ni mlango, na yeye mwenyewe ameegemea fremu ya mlango, anavuta, anasema tulia hapo, na mtu wa mbali anayesema ngoja, nakuja, halafu haji.

— Sijawahi kumsogelea, alisema.

Aliyasema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemtania, hata Robo Saa. Fundi fremu alirudisha penseli sikioni bila kuandika kitu. Akaomba kahawa kama bado ipo. Mama Birika akaliinua birika, akaliinamisha, likatoa tone moja na machicha.

— Imekwisha, mama.

Tulia Hapo akamrudishia Bi Mkasi lile bomba refu. Akajikung'uta suruali, mguu mmoja bado umelowa maji ya kinyozi, akaelekea barabara ya sokoni kwa hatua za mtu anayewahi duka.

— Unachukua ipi? Jaji alimpigia kelele.

— Fupi.

— Si umesema ukisogea watu wanakauka?

— Nitaongea naye kwanza, alisema Tulia Hapo, na hakugeuka.

Bi Mkasi akamtazama mpaka akakata kona. Kisha akasogeza kiti, akawasha taa ya cherehani, akamtazama fundi fremu aliyekuwa bado amesimama na mzigo wake.

— Kaa basi, mwenzangu, mbona unasimama. Hicho kioo usikifunge mpaka keshokutwa. Na kesho jioni nipitie hapa twende wote. Mimi nitakaa mbele, nimtazame.